KUCHAGUA TAA KUU YA MZAMIAJI: ITAZAMWE NJIA YA KURUDI

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kuagiza, kupokea na kutunza vifaa vya kuzamia, pamoja na wananchi wanaofanya kazi hiyo. Yanachapishwa hapa ili yasomwe na kuhifadhiwa.)

Katika visiwa vyetu taa ya kazi ya baharini si kitu kigeni. Mvuvi wa dagaa hutoka na karabai au taa ya betri akawavuta samaki juu. Mwenye kuchokoa pweza usiku hutembea miambani na kurunzi yake mkononi. Taa ya mmoja wao ikizimika, hasara ni ya kitoweo. Hurudi pwani kwa nuru ya nyota au kwa kufuata sauti ya mawimbi, na kesho yake akanunua betri nyengine. Mzamiaji aliyeingia ndani ya meli iliyozama, au ndani ya pango lililojaa maji, hana nyota juu yake. Juu yake pana chuma au jiwe. Taa yake ikizimika naye hana nyengine, kinachopotea ni njia ya kutokea, na hewa aliyoibeba mgongoni ina kipimo chake.

Kwa sababu hiyo taa kuu ya mzamiaji haichaguliwi kama inavyochaguliwa taa ya nyumbani. Mazungumzo haya yana neno moja la msingi, na mengine yote yanalifuata hilo: taa kuu ni ile itakayowaka kwa uhakika mpaka mzamiaji atoke, na endapo itakataa kuwaka, ziwepo nyengine mbili za kushika nafasi yake. Wingi wa mwanga ulioandikwa juu ya boksi ni jambo la kuangaliwa baadaye.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikiwa njiani baina ya Unguja na Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Misiba hiyo haina haja ya kusimuliwa upya kwa wasomaji wa ukurasa huu. Iliyobaki ni kuzingatia kwamba katika ajali za namna hiyo watu huitwa kuteremka majini kutafuta, na kwamba anayeteremka anahitaji kuona.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Baada ya siku mbili wazamiaji walimtoa akiwa hai fundi mmoja wa mashine, aliyekuwa amejihifadhi ndani ya chombo mahali palipobaki hewa. Huko Nigeria, mwezi wa Mei 2013, meli ndogo ya kuvutia meli nyengine iitwayo Jascon-4 ilizama na kukaa chini katika kina cha takriban mita 30. Wazamiaji walioteremka kutafuta maiti walimkuta mpishi wa meli hiyo akiwa hai baada ya saa 60 hivi. Ndani ya chombo kilichopinduka hapana dirisha linaloingiza nuru. Mtu anayesubiri gizani anaitegemea taa ya yule anayemtafuta, naye mtafutaji anaitegemea taa hiyo hiyo ili asigeuke kuwa maiti wa pili.

Aidha, visiwa vyetu hupokea wageni wanaokuja kuzamia. Wengine hupenda kuyaona mabaki ya meli, mathalan ya manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa katika bandari ya Unguja na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Vijana wetu ndio wanaowaongoza wageni hao. Kwa hivyo suala la taa linagusa roho za watu, riziki za vijana na fedha za umma kwa pamoja.

UZAMIAJI WA KIUFUNDI NI UPI

Wazamiaji walio wengi huzamia kwa starehe. Hawazidi kina cha mita 40, hawaingii mahali penye paa, na jambo likiharibika wanaweza kupanda juu moja kwa moja. Uzamiaji wa kiufundi ni ule ambao mtu hawezi kufanya hivyo. Sababu huwa mojawapo ya mbili, au zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni paa: pango, chumba cha mashine, au ngama ya meli. Ya pili ni hali ya mwili wenyewe. Mtu akikaa sana katika kina kirefu, gesi ya naitrojeni aliyoivuta huyeyuka katika damu na nyama za mwili. Akipanda kwa haraka gesi hiyo hutoka kwa mapovu, mfano wa soda iliyofunguliwa ghafla, na humletea maradhi ya viungo, kupooza, au mauti. Hana budi apande kwa vituo, akisimama dakika kadhaa katika kina maalumu, na pengine jumla ya kusimama huko ikapita saa nzima.

Katika hali zote mbili, baina ya mzamiaji na hewa ya juu pana muda ambao hauwezi kukatwa. Taa haina budi kuumaliza muda huo pamoja naye.

Pana jambo jengine. Maji humeza rangi. Nyekundu hutangulia kupotea katika mita chache za mwanzo, ikifuatiwa na rangi ya chungwa na manjano, mpaka chini ikabakia buluu na kijivu. Damu inayotoka katika jeraha huonekana kama rangi ya kijani iliyoiva. Taa iliyo karibu huzirudisha rangi hizo, na kwa njia hiyo mzamiaji huweza kuupambanua waya na kamba, kuusoma mshale wa kipimo cha hewa, na kuitambua hali ya mwenzake. Kwa hivyo hata mchana kweupe, mzamiaji wa kina kirefu hubeba taa.

KANUNI ZILIKOTOKA

Mafunzo mengi ya jambo hili yalizaliwa katika jimbo la Florida, nchini Marekani. Kaskazini mwa jimbo hilo mna chemchemi nyingi zinazotoka katika mapango ya mawe ya chokaa, na maji yake ni maangavu mno. Uangavu huo uliwahadaa wengi: waliingia kwa wepesi, wakatibua tope, wakashindwa kutoka. Sheck Exley, mwalimu wa hesabu na mzamiaji mashuhuri wa mapango, alizichambua ajali hizo, na mwaka 1979 alitoa kijitabu kilichoeleza sababu zake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1994 akizamia katika shimo la Zacatón, huko Mexico.

Kutokana na uchambuzi wa namna hiyo, wazamiaji wa mapango walikubaliana juu ya kanuni tano. Mtu asiingie bila ya kufundishwa. Awe na kamba ya njia isiyokatika kutoka alipo mpaka penye maji ya wazi. Atumie theluthi moja ya hewa kwa kwenda, theluthi ya pili kwa kurudi, na theluthi ya tatu iwe akiba. Asipite kina alichofundishwa. Na awe na taa zisizopungua tatu, moja kuu na mbili za akiba.

Ifahamike kwamba taa ni moja tu katika kanuni hizo tano, kwa namna yoyote zitakavyopangwa. Haikupewa nafasi ya kuziondoa nyengine. Mwenye taa nzuri asiye na kamba atapotea pale tope litakapotibuka, kwani katika maji yenye tope mwanga huwa mfano wa taa za gari ndani ya ukungu. Katika baadhi ya chemchemi za Florida, mtu asiye na cheti cha mapango hukatazwa kabisa kuingia majini na taa. Mgeni akiisikia amri hiyo huenda akastaajabu. Hekima yake ni kwamba mwanga huvuta miguu: asiyekuwa na taa huishia pale nuru ya jua inapoishia, na hapo ndipo salama yake ilipo. Wenye kuongoza wageni wanaweza kuizingatia hekima hiyo kabla ya kumkodisha taa mtu asiyeijua kazi.

JAMBO LA KWANZA: MUDA WA KUWAKA

Anayechagua taa kuu aanze na saa, kisha ndipo aende kwenye mwanga. Ahesabu muda wote wa safari ya chini, pamoja na vituo vya kupandia, kisha aongeze nusu yake. Safari ya dakika 90 inataka taa inayowaka dakika 135 kwa uchache. Nusu hiyo ya ziada ni ya mambo yasiyotazamiwa: mkondo, kamba iliyonasa, mwenzake aliyehitaji msaada, na uchakavu wa betri.

Hesabu ya betri si ngumu. Volti zikizidishwa kwa ampea-saa hupatikana wati-saa. Betri ya volti 10.8 na ampea-saa 7 ina wati-saa 75.6. Ikiwa taa inakula wati 20, basi kwa hesabu ya karatasi itawaka saa 3 na robo tatu. Karatasi hiyo isiaminiwe moja kwa moja. Sehemu ya umeme hupotea kwa joto, na betri hupungua nguvu kila inapozeeka. Taa iliyowaka saa 3 ilipokuwa mpya inaweza kuwaka saa 2 baada ya miaka michache, na kwa nje haitaonyesha alama yoyote.

Vile vile pana tafauti katika namna taa inavyokwisha. Baadhi hufifia kidogo kidogo, zikampa mwenyewe onyo. Nyengine hushikilia mwanga ule ule mpaka mwisho, kisha zikazimika ghafla. Aina ya pili si mbaya, mradi iwe na alama ya kuonyesha kiasi cha betri kilichobaki, na mtumiaji awe anaijua tabia yake. Taa ambayo mwenyewe haijui tabia yake isitumike kuwa taa kuu.

JAMBO LA PILI: UMBO LA MWALE

Wauzaji hutangaza taa kwa lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka. Lumeni hazisemi mwanga huo unakwenda wapi. Chukulia taa mbili zenye lumeni sawasawa. Mwale wa ya kwanza una upana wa nyuzi 6. Wa ya pili una nyuzi 90. Kwenye ukuta ulio umbali wa mita 5, ya kwanza itatoa duara lenye upana wa nusu mita hivi, na ya pili duara la mita 10. Mwanga ule ule umetandazwa juu ya eneo lililo kubwa zaidi ya mara 300. Ya pili yafaa kwa mpiga picha aliye karibu na samaki. Kwa mzamiaji wa pangoni au wa ndani ya meli, mwale mwembamba ndio unaofaa, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni uchafu wa majini. Maji ya bahari yana chembe nyingi zinazoelea, na mwale mpana huziwasha zote mbele ya macho, zikarudisha mwanga usoni. Mwale mwembamba hupenya baina yao na kufika mbali.

Sababu ya pili ni mazungumzo. Chini ya maji watu hawasemi. Taa ndiyo ulimi wao. Duara linalochorwa polepole ukutani lina maana ya kwamba hali ni salama. Mwale unaopitishwa polepole kulia na kushoto unaomba mwenzake atazame. Mwale unaopitishwa kwa haraka kulia na kushoto ni mwito wa dharura. Ishara hizo zinahitaji doa la mwanga lenye ukingo unaoonekana. Taa inayomwagika pande zote haina doa la kuchorea, na mwenye nayo ni kama bubu. Zaidi ya hayo, kila mmoja huliona doa la mwenzake pembeni mwa jicho lake, naye hujua kwamba mwenziwe yupo bila ya kugeuka. Doa hilo likitoweka, hapo hapo hugeuka kuuliza.

Kwa upande wa chanzo cha mwanga, mambo yamekuwa mepesi. Zamani palikuwa na balbu za halojeni zilizokula umeme mwingi. Zikaja balbu za gesi, zenye mwanga mkubwa kwa umeme mdogo, lakini zilikuwa laini, zikivunjika kwa urahisi, na ziliposhawaka na kuzimwa zilihitaji kupoa kabla ya kuwaka tena. Leo taa za LED zimechukua nafasi ya zote mbili. Hazina waya wa kukatika, huwaka mara moja, na hudumu. Anayeuziwa taa ya balbu kwa bei nafuu akumbuke kwamba rahisi hughali.

JAMBO LA TATU: MWILI WA TAA

Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya ardhi. Katika mita 60 taa hubanwa mara saba ya inavyobanwa mezani. Kina kilichoandikwa juu ya taa kiwe kinapita kwa mbali kina cha kazi iliyokusudiwa.

Maji huingia penye tundu, kwa hivyo taa yenye matundu machache ndiyo bora. Yaangaliwe mambo matatu. La kwanza ni mipira ya duara inayozuia maji penye vifuniko: je, ni miwili kila mahali au mmoja, na je, ya akiba inapatikana? La pili ni swichi. Swichi ya sumaku au ya kuzungusha haina budi kujaribiwa na mtu aliyevaa glavu, na isiwe nyepesi hata ikawaka yenyewe ndani ya mfuko. La tatu ni waya, kwa zile taa ambazo betri yake hukaa kiunoni na kichwa chake mkononi. Waya mrefu hunasa. Mfupi huuzuia mkono. Na pale unapoingia ndani ya betri ndipo huvunjikia mara nyingi.

Betri iliyoingiwa na maji ya chumvi huweza kutoa gesi na kujaza mgandamizo ndani. Taa nzuri ina kizibo cha kuutoa mgandamizo huo. Taa iliyoingiwa na maji isifunguliwe ikiwa imeelekezwa usoni.

JAMBO LA NNE: MAHALI PA KUIBEBA

Zipo namna tatu. Ya kwanza ni ile ya betri kiunoni na kichwa mkononi. Betri yake ni kubwa, na muda wake ni mrefu. Ya pili ni taa ndogo iliyo nzima nzima, inayofungwa juu ya kiganja kwa mkanda, ikauacha mkono huru kushika kamba. Betri za lithiamu zimeiwezesha taa ya aina hii kufanya kazi ambazo zamani zilihitaji mzigo wa kiunoni. Ya tatu ni taa za kwenye kofia ngumu.

Taa ya mkononi huelekezwa popote, na ndiyo inayotumika kwa ishara. Taa ya kofia huiacha mikono yote miwili, lakini kila unapomtazama mwenzako humulika machoni. Wazamiaji wa mapango wa Uingereza, ambao mapango yao ni membamba, baridi na yenye maji machafu, kwa desturi huzifunga taa zao kwenye kofia. Wazamiaji wa aina hiyo ndio waliowafikia watoto 12 na mwalimu wao wa mpira katika pango la Tham Luang, nchini Thailand, tarehe 2 Julai 2018, na kufikia tarehe 10 Julai wote 13 walikuwa wametolewa. Katika maji ya pango lile taa haikufua dafu. Kamba ndiyo iliyowaongoza, na taa zikafaa pale walipotoa vichwa juu ya maji.

Funzo lake kwa mnunuzi ni kwamba aulize kwanza: kazi ni ipi? Aliye katika maji maangavu pamoja na wenzake, taa ya mkononi humfaa zaidi. Anayetafuta watu ndani ya chombo kilichopinduka, huku mikono yake ikisukuma vitu na kushika kamba, huenda taa ya kofia ikawa ndiyo haja yake.

JAMBO LA TANO: BETRI, MOTO NA SAFARI

Betri za lithiamu zina nguvu nyingi katika umbo dogo, na nguvu hizo zikitoka kwa njia isiyokuwa yake huwa moto mkali. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua usiku karibu na pwani ya California, na watu 34 walifariki. Ndani ya boti hiyo wageni walikuwa wakichajia vifaa vyao. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha ni kitu gani hasa kilichowaka kwanza, kwa kuwa chombo kiliteketea na kuzama. Walichokithibitisha ni kwamba hapakuwa na mlinzi wa usiku aliyekesha, hata moto ukajulikana kwa kuchelewa.

Kwa hivyo betri zichajiwe juu ya saruji au bati, mbali na mlango na ngazi, na kuwe na mtu aliye macho. Betri iliyovimba, iliyoanguka kwa kishindo au iliyoingiwa na maji isichajiwe tena. Chaja iwe ile iliyokuja na taa.

Wanaoagiza kutoka nje na wanaosafiri kwa ndege wajue kipimo. Betri isiyozidi wati-saa 100 abiria huichukua katika mzigo wa mkononi. Iliyozidi 100 hadi 160 inataka idhini ya shirika la ndege. Iliyopita 160 abiria haruhusiwi kusafiri nayo. Betri za akiba zisizokuwamo ndani ya taa hazitiwi katika mizigo ya chini ya ndege. Betri ya volti 10.8 na ampea-saa 14 ina wati-saa 151.2, bila ya idhini itabaki uwanjani, na taa yake itakuwa chuma kitupu.

JAMBO LA SITA: TAA ZA AKIBA

Taa kuu haina maana bila ya mbili za akiba. Hizo ziwe ndogo, rahisi, zisizo na waya, na zikae juu ya kifua mahali ambapo mkono wowote huzifikia gizani. Kila moja iweze kumfikisha mwenyewe nje. Zisiwashwe kwa kazi ya kawaida.

Amri inayofuata haina hiari. Taa kuu ikizimika, mzamiaji huwasha ya akiba, humpa mwenzake ishara, na safari huishia hapo. Wote hugeuka. Asiwepo wa kusema kwamba taa mbili bado zipo na kazi imebaki kidogo. Akiba ni ya kurudia.

KWA WENYE KUAGIZA NA KUTUNZA

Tangazo la zabuni linaloandikwa "taa ya kuzamia, yenye mwanga mkali" litaleta kila kitu. Inapendekezwa kwamba liandikwe kwa vipimo, kama ifuatavyo:

(a) Kazi inayokusudiwa, na kina kirefu zaidi cha kazi hiyo.
(b) Muda wa kuwaka kwa mwanga kamili, kwa dakika, nao uthibitishwe kwa jaribio mbele ya mpokeaji.
(c) Upana wa mwale kwa nyuzi.
(d) Aina ya swichi, na kwamba imejaribiwa kwa mkono wenye glavu.
(e) Wati-saa za betri, pamoja na karatasi zinazoonyesha kuwa betri imepimwa kwa usafirishaji.
(f) Chaja inayolingana na umeme wetu.
(g) Mipira ya akiba, mafuta yake, na betri ya akiba kwa kila taa.
(h) Kwa kila taa kuu moja, taa za akiba mbili.

Taa ikipokewa ghalani isiwekwe kwenye rafu ikasahauliwa. Ichajiwe kamili, itiwe ndani ya ndoo ya maji, iwashwe, na saa iandikwe mpaka itakapofifia. Ndoo ni ya lazima, kwani taa nyingi kubwa za LED hupozwa na maji, na zikiwashwa muda mrefu kavu huungua au hupunguza mwanga zenyewe. Kisha iteremshwe kwa kamba mpaka kina cha kazi kabla haijateremka na mtu. Jaribio la ndoo lirudiwe kila baada ya miezi sita, na matokeo yaandikwe katika daftari lenye namba ya kila taa. Daftari hilo ndilo litakalosema, kabla ya ajali, ni betri gani imezeeka.

Baada ya kila kazi taa ioshwe kwa maji matamu kabla chumvi haijakauka. Mipira ifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, itazamwe kwa jicho kama ina mkato, na ipakwe mafuta ya silikoni kidogo tu. Mafuta yakizidi hushika mchanga, na chembe moja ya mchanga inatosha kuingiza maji. Taa ya dharura isiazimwe kwa shughuli za sherehe wala kwa kukatika umeme ofisini. Mwenye ghala anayekataa kuiazima anastahiki kuungwa mkono na wakubwa wake, kwa sababu siku ya msiba hapatakuwa na muda wa kuitafuta ilipo.

Ndugu watumishi na ndugu wananchi, anayeteremka gizani kumtafuta mtoto wa mwenziwe ameshakubali khatari yake. Waliobaki juu wana wajibu wa kuipunguza, na sehemu kubwa ya wajibu huo hutimizwa kwa kalamu, kwa ndoo ya maji na kwa daftari. Tahadhari kabla ya athari.